J.M. Kariuki: Mbunge aliyenyimwa jukwaa akapigiwa debe na wanyonge

Uchaguzi mkuu wa Oktoba 14, 1974, ulipowadia, mgombea mmoja katika nyanda za juu za Nyandarua alikuwa amefungwa mdomo. Josiah Mwangi Kariuki, ambaye nchi nzima ilimjua kwa herufi mbili tu, J.M., alikuwa amenyimwa leseni za kuwahutubia watu wake katika mikutano ya hadhara. Wapinzani wake walikuwa na jukwaa, vipaza sauti na baraka za wakubwa. Kura zilipohesabiwa, J.M. alirudishwa bungeni. Haikutimia miezi mitano kabla ya mwili wake kuokotwa katika vilima vya Ngong.

Kifo hicho kimesimuliwa mara nyingi kuliko ushindi uliokitangulia. Hilo si ajabu, kwa maana mauaji yasiyopata mwamuzi hayaishi kuzungumzwa. Lakini msomaji anayetaka kuelewa ni kwa nini mtu mmoja, asiye na jeshi wala chama chake mwenyewe, aliogopwa kiasi kile, hana budi kuanza na kura hizo za 1974, na kabla yake kuanza na Nakuru, kwa sababu huko ndiko J.M. alikojifunza kuwafikia watu bila jukwaa.

Alizaliwa Machi 21, 1929, Kabati-ini, katika mashamba ya walowezi yaliyouzunguka mji wa Nakuru. Wazazi wake walikuwa wametoka Nyeri wakahamia Bonde la Ufa kama maelfu ya Wagikuyu wengine, wakawa maskwota. Skwota aliruhusiwa kujenga kibanda na kulima kipande cha ardhi kwa sharti la kumfanyia kazi mlowezi siku kadhaa za mwaka. Ardhi haikuwa yake, na mifugo yake ilihesabiwa. Alipofukuzwa, alibeba alichoweza kubeba. Mtoto aliyekulia katika hali hiyo hakuhitaji kufundishwa na mtu maana ya kukosa shamba.

Masomo yake yalikuwa ya kukatika-katika kwa sababu ya karo. Mkasa wa kuendelea kwake shuleni unafurahisha, na unamweleza vyema mtu atakayekuja kuwa. Mwaka 1946 kijana huyo alibahatisha katika mashindano ya farasi mjini Nakuru, farasi wake akashinda, na fedha hizo zikamrudisha darasani. Mapenzi ya farasi na ya kubahatisha hayakumtoka mpaka mwisho wa maisha yake, na maadui zake hawakukosa kumkumbusha. Hatimaye alifika King's College Budo, nchini Uganda, shule iliyowalea watoto wa wakubwa wa Buganda.

Katika miaka hiyo Jomo Kenyatta alikuwa amerejea kutoka Uingereza, mnamo Septemba 1946, na kuanza kuzunguka nchini akihutubia. J.M. alimsikiliza Njoro. Hotuba ile ilimwingia moyoni, naye akaondoka pale akiwa mfuasi. Ni vyema kulikumbuka jambo hili, kwani mambo yaliyotokea baadaye kati ya wawili hao yangeweza kumfanya mtu adhani walikuwa mahasimu tangu mwanzo.

Alipomaliza Budo na kuvuka mpaka kurudi nyumbani Oktoba 1952, Hali ya Hatari ilikuwa ndiyo kwanza imetangazwa. Alifungua hoteli mjini Nakuru. Hapa hoteli si mahali pa kulala wageni, bali ni mkahawa wa chai na chakula, kama watu wa Nakuru wanavyolitumia neno hilo hadi leo. Mahali kama hapo hupitiwa na kila mtu: utingo wa lori, kibarua wa reli, mchuuzi wa sokoni, mpishi wa mzungu aliye likizoni. Mwenye hoteli husikia yote na hana haja ya kuuliza mengi. J.M. aliitumia hoteli hiyo kuwa kiungo cha wapiganaji wa Mau Mau katika eneo hilo, akawakusanyia fedha na viatu, na kuwatafutia mahali pa kujificha. Wanaotafuta chanzo cha ustadi wake wa siasa za mashinani wangefanya vyema kutazama kaunta ya hoteli hiyo kabla ya kutazama Bunge.

Mwaka 1953 alikamatwa hapo hapo Nakuru. Miaka saba iliyofuata aliimaliza akihamishwa kutoka kambi moja ya kizuizini hadi nyingine, zikiwemo Langata, Manyani na kisiwa cha Saiyusi kilichoko Ziwa Viktoria. Huko aliendelea na kazi ile ile kwa njia nyingine. Aliandika barua za kueleza mateso ya wafungwa na kuzitorosha nje ya kambi, mpaka zikawafikia wakubwa wa serikali na wabunge huko London. Aligunduliwa, akapigwa vibaya sana, kisha akaandika tena. Barua moja ya namna hiyo haiendi kwa nguvu za mtu mmoja. Lazima awepo wa kuiba karatasi, wa kulinda mlango, wa kuificha katika nguo na wa kuitia posta mbali na macho ya askari. Kila mmoja wao hujua kwamba akikamatwa atalipa kwa mwili wake, wala hapati malipo yoyote akifaulu.

Aliachiliwa mwaka 1960. Miaka mitatu baadaye Oxford University Press ilichapisha kitabu chake kuhusu maisha ya kizuizini, Mau Mau Detainee, mojawapo ya maandishi ya kwanza yaliyoueleza upande wa waliofungwa. Kilichowashangaza wasomaji wengi wa Ulaya ni kwamba hakikujaa chuki.

Uhuru ulipokaribia, milango ilimfungukia kwa haraka. Katika uchaguzi wa Mei 1963 alichaguliwa mbunge wa Aberdare kwa tiketi ya KANU, eneo ambalo baadaye liliitwa Nyandarua Kaskazini. Akawa katibu wa kibinafsi wa Kenyatta. Alihusika pia na uongozi wa Huduma ya Vijana kwa Taifa, iliyoanzishwa mwaka 1964 ili kuwachukua vijana waliotoka msituni na vijijini bila kazi. Baada ya uchaguzi wa 1969 alikuwa waziri msaidizi. Alitajirika. Alikuwa na shamba kubwa Gilgil, farasi wa mashindano, magari ya fahari na meza yake katika kumbi za kamari za Nairobi. Haifai kuyaficha mambo hayo kwa kumsitiri marehemu. J.M. hakuwa mchochole, wala hakujifanya mchochole.

Hata hivyo, kulikuwa na jambo lililomtenga na mabwanyenye wenzake. Jimbo lake lilikuwa limekatwa kutoka katika mashamba ya walowezi. Serikali ilikopa fedha Uingereza, ikawanunua walowezi, kisha ikaigawa ardhi ile kwa wananchi ambao walitakiwa kuilipia kwa mikopo. Mkulima wa pareto na viazi wa Ol Kalou au Ol Joro Orok, ambaye pengine alikuwa amelala Manyani pamoja na mbunge wake, alijikuta akidaiwa bei ya udongo alioupigania. Wakati huo huo mashamba makubwa mengine yalikuwa yakipita kwa ukamilifu wake mikononi mwa wakubwa wachache. J.M. alilisema hilo Bungeni, akalisema kwenye harambee, akalisema kwa wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Nairobi. Katika nchi iliyohesabiwa kuwa na watu wapatao milioni 11 mwaka 1969, alionya kwamba taifa lilikuwa likielekea kuwa la mamilionea kumi na ombaomba milioni kumi. Onyo hilo likawa ndilo jina lake la pili.

Wengine walikuwa wamekwisha kuyasema hayo kabla yake na kulipa gharama. Nakuru yenyewe ilikuwa na mfano. Mwaka 1963 wapigakura wa mji huo walimchagua Ramogi Achieng Oneko, mzaliwa wa Uyoma kule Nyanza na mmoja wa washtakiwa sita wa Kapenguria, bila kujali kwamba hakuwa mtu wa kwao. Oneko alijiuzulu uwaziri Aprili 1966 akamfuata Jaramogi Oginga Odinga katika chama cha KPU. Sheria ikabadilishwa upesi ili kila mbunge aliyehama chama arudi kwa wapigakura, na katika Uchaguzi Mkuu Mdogo wa Juni mwaka huo Oneko akakipoteza kiti cha Nakuru. KPU ilipigwa marufuku mwaka 1969 na viongozi wake, Oneko akiwemo, wakatiwa kizuizini. J.M. hakuwafuata. Alibaki ndani ya KANU. Yamkini aliona kwamba mlango wa chama kingine umefungwa, na kwamba aliyetaka kubadilisha mambo ilimbidi afanye hivyo akiwa ndani ya nyumba, hata kama wenye nyumba hawakupendezwa.

Nyumba hiyo ilikuwa na sheria zake. Baada ya KPU kufa, chama kilikuwa kimoja, na uchaguzi ulikuwa wa wana-KANU kushindana wao kwa wao. Waliowahi kuwa KPU, hata Odinga mwenyewe, walizuiwa kugombea mwaka 1974. Mkutano wa hadhara ulihitaji leseni ya mkuu wa wilaya, ambaye alimtii mkuu wa mkoa, ambaye naye aliitii Ikulu. Sharti hilo la leseni liliondolewa mwaka 1997 tu, kwa marekebisho yaliyofanywa kabla ya uchaguzi wa mwaka huo. Kwa hivyo aliyetaka kumzima mbunge hakuhitaji kumshtaki wala kumfunga. Ilitosha kuliacha ombi lake bila jibu. Redio ilikuwa moja, Sauti ya Kenya, na ilikuwa ya serikali.

Basi J.M. aliingia katika kampeni za 1974 bila jukwaa na bila redio. Mtu asiyeweza kuhutubia hufanyiwa kampeni na wengine au hafanyiwi kabisa. Hapo ndipo hesabu ya wakubwa ilipokosea. Walidhani nguvu ya J.M. ni ulimi wake, kwa kuwa ulimi wake ndio uliowaudhi. Hawakuhesabu miaka kumi na mmoja ya harambee za shule na zahanati ambako alifika, akatoa, na akakaa kuongea na watu baada ya wageni wa heshima kuondoka. Hawakuwahesabu waliofungwa pamoja naye, ambao walitapakaa katika kila mradi wa makao mapya na waliojua kupitisha neno chini ya pua ya askari. Hawakuwahesabu wanafunzi waliorudi likizo vijijini mwao.

Leseni ya mkuu wa wilaya haihitajiki ili mtu akasalimie jirani. Haihitajiki mahali wakulima wanapongoja lori la maziwa alfajiri, wala kwenye foleni ya kupimisha pareto, ambayo ilisafirishwa hadi kiwandani Nakuru, wala kwenye matanga, wala sokoni Nyahururu siku ya gulio. Siasa ikizuiwa kiwanjani huhamia mahali kama hapo, na ikifika huko haina tena mwenyewe mmoja anayeweza kukamatwa. Ndiyo kampeni pekee iliyokuwa imebakia kwa mgombea aliyenyimwa jukwaa, na ndiyo iliyomrudisha Bungeni.

Si kwamba mashinani palikuwa pake peke yake. Kule Nakuru Kaskazini, ng'ambo tu ya mpaka wa wilaya, Kihika Kimani alikuwa amejenga mtambo wa namna nyingine kabisa. Kampuni yake ya kununua mashamba, Ngwataniro, iliwakusanya maelfu ya wasio na ardhi, wakatoa akiba zao kidogo kidogo na kununua mashamba makubwa yaliyoachwa na walowezi. Mwanachama aliyekuwa akisubiri kukatiwa kipande chake alikuwa na sababu nzito ya kumpigia kura mwenyekiti. Mwaka 1974 Kihika alichaguliwa mbunge, akimshinda kijana wa miaka 24, Koigi wa Wamwere, ambaye alikuwa na maneno yanayofanana na ya J.M. lakini hakuwa na hisa za kugawa. Tukiwalinganisha Kihika na J.M., tutaona kwamba wote wawili waliwafahamu wanyonge wa Bonde la Ufa na njaa yao ya shamba. Mmoja aliwapangia foleni na kushika daftari la majina. Mwingine aliwaambia kwamba foleni yenyewe ni dhuluma. Ni kweli pia, na wafuasi wa J.M. hawapendi kusikia, kwamba wapo waliopata shamba kwa Kihika na hawakupata chochote kwa hotuba.

Matokeo ya uchaguzi ule yaliitikisa serikali. Zaidi ya nusu ya wabunge waliomaliza muhula walipoteza viti vyao. Dkt Njoroge Mungai, Waziri wa Mashauri ya Kigeni na mtu wa karibu wa Rais, aliangushwa Dagoretti na Dkt Johnstone Muthiora. Huko Eldoret Kaskazini wapigakura walimtuma Bungeni Chelagat Mutai, mwanamke kijana aliyetoka moja kwa moja katika harakati za wanafunzi wa Chuo Kikuu. Jean-Marie Seroney wa Tinderet, mkosoaji wa muda mrefu wa sera ya ardhi, akachaguliwa Naibu Spika. J.M. hakurudishwa katika wadhifa wa waziri msaidizi, naye akakaa viti vya nyuma, akiwa huru zaidi kusema. Kwa mara ya kwanza tangu KPU izimwe, walikuwepo Bungeni watu kutoka makabila na mikoa mbalimbali waliozungumza lugha moja kuhusu ardhi, nao hawakuwa wameletwa na mtu yeyote mkubwa.

Februari 1975 ilikuwa ya hofu jijini Nairobi, kwa kuwa mabomu yalikuwa yakilipuka. Jumamosi jioni ya Machi 1, bomu liliwaua watu 27 katika basi kwenye kituo cha OTC. Siku iliyofuata, Jumapili, J.M. alionekana katika hoteli ya Hilton akitoka pamoja na maafisa wa usalama. Hakuonekana tena akiwa hai. Machi 3 mchungaji wa Kimaasai aliukuta mwili katika vilima vya Ngong. Ulipelekwa katika hifadhi ya maiti ya jiji na kukaa huko kama wa mtu asiyejulikana, huku gazeti moja likiandika kwamba mbunge huyo yuko Zambia. Jamaa zake waliutambua Machi 11. Wanafunzi wa Chuo Kikuu waliingia barabarani. J.M. alizikwa katika shamba lake la Gilgil, kilomita chache kutoka barabara inayokwenda Nakuru, mji alikopatia karo yake kwa mbio za farasi.

Bunge liliunda kamati teule chini ya uenyekiti wa Elijah Mwangale. Ripoti yake iliwasilishwa Juni 3, 1975, ikawataja maafisa wa juu wa polisi na kutaka wachunguzwe zaidi. Bunge liliipitisha kwa kura chache. Hakuna aliyehukumiwa kwa mauaji hayo.

Walioadhibiwa ni wengine. Masinde Muliro alifutwa uwaziri kwa kupiga kura ya kuiunga mkono ripoti, pamoja na mawaziri wasaidizi John Keen na Peter Kibisu. Mark Mwithaga, mbunge wa Nakuru Mjini na swahiba wa J.M., alihukumiwa kifungo mwaka huo huo. Koigi wa Wamwere alitiwa kizuizini Agosti, ingawa hakuwa hata mbunge. Oktoba ikawa zamu ya Seroney na Martin Shikuku, waliochukuliwa kutoka majengo ya Bunge. Chelagat Mutai alifungwa mwaka 1976. Ukiyapanga majina hayo kwenye ramani utaona kwamba mengi yanaifuata barabara moja, kutoka Nakuru kupanda Eldoret na kushuka Tinderet. Kundi lililochipuka mashinani mwaka 1974 lilikuwa limekatwa tawi baada ya tawi katika muda usiozidi miaka miwili.

Kila Machi 2, kwa miaka kadhaa, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Nairobi waliiadhimisha siku ya J.M. kwa maandamano, na polisi wakawangoja getini. Kenyatta alifariki Agosti 1978. Desemba mwaka huo Rais Daniel arap Moi aliwaachilia wafungwa wa kisiasa, Koigi na Seroney wakiwa miongoni mwao. Uchaguzi mkuu ulipofika Novemba 1979, Koigi alirudi Nakuru Kaskazini kwa wapigakura wale wale waliokuwa wamemkataa miaka mitano nyuma. Safari hii walimchagua.